Mtandao wa Wageni

Zamani mtoto wa Isukha, huku kwetu Kakamega, aliyapokea maneno ya ukoo wake kwa kukalishwa kando ya moto na babu yake, na siku hizi hawezi kuyapokea mpaka kompyuta mbili zikubali kwanza kusalimiana.

Nehemiah Lihanda aliyasema hayo mara nyingi wiki ile, na hakuwa akitania. Kompyuta yake ilikuwa mezani katika chumba chake cha kulala. Laptopu ya Mitchel, mke wa mwanawe Willis, ilikuwa katika nyumba ya pili, ng'ambo ya ua, ukipita kamba ya nguo na banda la kuku. Boma lile, pembezoni mwa mtaa wa Shieywe mjini Kakamega, halikuwa kubwa. Mtu akipiga chafya nyumba hii, wa nyumba ile humwambia pole. Lakini mashine ya mzee ilipoita, ya Mitchel haikuitika, na ya Mitchel ilipotafuta, haikuona kitu. Zilikaa kama ndugu wawili waliogombana juu ya mpaka wa shamba.

Jumamosi Mitchel angeondoka na mtoto kwenda Kanada, kumfuata Willis, ambaye alikuwa huko mwaka wa pili sasa akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu wengine. Laptopu ingekwenda nao. Kabla haijaenda, Nehemiah alitaka iwe imebeba video moja.

Ilikuwa video ya shilembe ya baba yake. Vijana wa leo ukiwatajia shilembe wanadhani ni jina la hoteli. Ni ile siku ya kuwakimbiza mafahali baada ya kumzika mzee wa heshima, watu wamejifunga majani ya porini, ngoma za isukuti zinalia kifuani mwa wapigaji, na wazee wanasimama mmoja mmoja kumtaja marehemu na baba yake na baba wa baba yake mpaka kule ambako hakuna anayejua zaidi. Leo mtu akifa wanakodi maspika, wanakesha wakicheza disko, na mhubiri ambaye hakumjua marehemu anapiga kelele mpaka mvua inyeshe. Nehemiah aliipiga shilembe ile kwa kamera yake mwenyewe, akiwa mfiwa na mpiga picha kwa pamoja. Mle ndani walikuwamo wajomba zake wote, na mkewe Pascalia, kijana bado, akiongoza wimbo wa wanawake. Wote walikuwa wamekufa. Kanda yenyewe ililiwa na ukungu. Kilichobaki ni lile faili moja kubwa ndani ya kompyuta ya chumbani, na mjukuu wake Shantel, mwenye miaka minne, hakuwa na njia nyingine duniani ya kuwajua watu wale.

Mtu atauliza kwa nini asitumie flashi. Kila mtu alimwuliza, hata mama wa kuuza sukuma pale njiani. Msimu wa mvua uliopita radi ilipiga nguzo ya stima ya jirani, ikatembea na waya, ikaingia ndani bila kubisha. Iliua matundu yote ya flashi na lile la waya wa mtandao. Iliacha kibodi na kipanya vya kizamani, vyenye plagi za mviringo, na ile kadi ndogo ya Wi-Fi ambayo Nehemiah alikuwa ameichomeka kwa mkono wake mwenyewe. Kwa nini radi iliacha kadi dhaifu ikaua vyuma, hakuna kitabu kilichomweleza. Tangu hapo diski ya ndani ilianza kutoa mlio, ta, ta, ta, kama mjusi wa darini. Fundi mmoja mjini alisema ataing'oa diski aihamishe. Nehemiah alikataa. Zamani kidogo fundi mwingine aliichukua mashine kuisafisha, akairudisha safi kweli kweli, bila harusi hata moja kati ya zote ambazo Nehemiah alizipiga kwa kamera yake; shilembe ilipona kwa kuwa wakati huo ilikuwa bado kwenye kanda. Hivyo njia ikabaki moja: hewani, kutoka nyumba hadi nyumba, ndani ya mtandao wa bomani.

Hakuwa mjinga wa mambo hayo. Aliachia shule darasa la saba, kwa sababu ng'ombe walikwisha katika kumsomesha kaka yake, lakini umeme aliusoma katika vitabu vilivyotandazwa juu ya magunia karibu na soko, kamusi ya Kiingereza ikiwa mkono wa pili. Alitengeneza redio, akatengeneza televisheni, halafu akawa mwenye kamera, mtu wa kuitwa kwa harusi na matanga kutoka Kakamega hadi Mumias. Wakati huo watu walivaa vizuri akifika. Kisha simu zikaota macho, na sasa kila mtu anapiga picha na hakuna anayezitazama. Windows ilipoizidi nguvu mashine yake kuukuu, ikawa inachukua muda wa kuchemsha githeri ili iamke, aliing'oa akaweka Linux, ambayo ni ya bure, akajifunza amri zake moja baada ya nyingine kama mtu anayejifunza zaburi. Alijivunia jambo hilo. Wiki ile majivuno yalimwondoka.

Alikuwa ameweka programu iitwayo Samba, ambayo kazi yake ni kuwa mkalimani baina ya Linux na Windows. Aliipa folda, akaipa ruhusa, akaipa jina la mtumiaji na neno la siri. Programu ikajibu kwamba yote ni shwari. Hapo ndipo alipochanganyikiwa, kwa sababu shwari ile haikuonekana popote.

Kulikuwa na ugumu mwingine, usioandikwa katika kitabu chochote. Kwa mila ya ukwe, Mitchel hakuweza kuingia chumba cha kulala cha baba mkwe, na Nehemiah hakuweza kuingia cha Mitchel, ambamo kilikuwamo kile kisanduku cha kugawa mtandao, kwa kuwa waya wa kampuni uliingilia dirisha hilo. Hivyo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kuziona pande zote mbili za tatizo. Mitchel alitoa laptopu mpaka varanda ya nyumba yake, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nehemiah alikaa mbele ya kompyuta, dirisha wazi, na maneno yakapita juu ya kuku.

"Mama Shantel, umeandika ile amri nimekuambia?"

"Nimeandika, Baba. Imeleta vitu mingi."

"Tafuta pale pana namba zenye nukta katikati. Nisomee."

"Moja tisa mbili, nukta, moja sita nane, nukta..."

"Hizo za mwanzo ni za kila mtu. Ruka. Niambie ile ya mwisho kabisa."

"Ishirini na tatu."

"Yangu arobaini na moja." Aliangalia kitabu. Kitabu kilisema kila mashine iwe na namba yake ya mwisho, zisigongane. "Hazigongani. Ni sawa."

"Sasa itafanya?"

"Itafanya."

Haikufanya. Kuna amri ya kuipigia mashine nyingine, ambayo Nehemiah aliiita hodi. Unaandika namba ya mwenzako, mashine inabisha, na mwenzako akiwapo anajibu. Kwa kuwa zile namba za mwanzo zilikuwa za kila mtu, aliweka zake yeye, kisha ishirini na tatu mwishoni. Akabisha. Kimya. Akabisha tena. Skrini ikamwandikia kwamba mwenyeji hafikiki. Alimwambia Mitchel azime ule ukuta wa ulinzi wa Windows, akazima. Kimya. Alimwambia abadilishe jina la kikundi cha kazi lifanane na lake, herufi kwa herufi. Akabadilisha, laptopu ikazimika ikawaka. Kimya. Akashuku kwamba Windows ya siku hizi inaikataa lugha ya zamani ya Samba, akaibadilisha lugha. Kimya kile kile. Kilichomtatiza zaidi ni kwamba mashine zote mbili zilipata intaneti vizuri. Mitchel aliweza kuongea na Kanada kwa video, yeye mwenyewe aliweza kusoma habari za Kanada, lakini kupita banda la kuku haikuwezekana.

"Labda ni hii radi," alisema.

"Labda, Baba," Mitchel alijibu. Alikuwa mtu wa kukubali. Nehemiah hakujua kama ni adabu au ni kuchoka.

Siku iliyofuata jirani yake Chrispinus alipita, kama alivyopita kila asubuhi chai ikiwa tayari. Alikuwa mtu wa boila katika kiwanda cha sukari ujana wake wote, na tangu astaafu hakuna jambo lililomtisha.

"Bado hazijaongea?" aliuliza, akivuta kiti.

"Bado."

"Unajua shida yako, Nehemiah? Hiyo moja ni ya bure, na hiyo nyingine ni ya kununua. Mwenye cha bure na mwenye cha kununua wanaongeanga nini?"

"Kunywa chai."

"Nakunywa. Lakini hata mtu na mkwe wake husalimiana kwa mbali. Hizi zako zimekosana juu ya nini?"

"Chrispinus, ulikuwa unawasha moto chini ya pipa la maji. Usinifundishe mitambo."

"Pipa langu lilichemka," Chrispinus alisema, akachovya kipande cha mhogo ndani ya chai.

Nehemiah alishusha sauti, ingawa Mitchel alikuwa mbali, akianua nguo. Alimwambia Chrispinus jambo ambalo alikuwa amemwambia mara nyingi kabla. Mtandao ule ulikuwa na majina mawili. Ukitafuta hewani uliona moja limeandikwa Boma na jingine limeandikwa Wageni. Siku kisanduku kilipowekwa, Willis akiwa tayari amesafiri, Nehemiah alimwomba Mitchel neno la siri la mtandao, na Mitchel akainamisha macho akampa la Wageni. Mzee mwenye kiwanja, aliyepima msingi wa nyumba zote mbili kwa kamba, akawa mgeni. Alimwuliza mara moja tu kwa nini. "Hiyo ndiyo iko sawa, Baba," Mitchel alisema, akaingia ndani. Nehemiah hakuuliza tena. Alikilaza kinyongo hicho kifuani kama paka.

"Pascalia angekuwapo, mwanamke hangethubutu," alisema.

"Wasichana wa leo," Chrispinus alikubali. "Wangu mmoja ananiitanga kwa jina kama polisi."

Basi chai ikaisha wakiwa wameizika heshima ya dunia nzima, na mashine bado hazijasalimiana.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya safari, mawingu yakaanza kujijenga upande wa msitu. Nehemiah alimwomba Mitchel amletee laptopu mpaka varanda yake yeye, aiangalie kwa macho yake. Mitchel aliileta, akaiweka juu ya kigoda, akarudi nyuma mpaka kwenye kamba ya nguo, masanduku yakimngoja ndani nusu yamefungwa. Nehemiah akavaa miwani. Akaandika ile amri yeye mwenyewe, akazisoma namba zote kuanzia mwanzo, hata zile za kila mtu.

Ya kwanza ilifanana na yake. Ya pili ilifanana. Ya tatu haikufanana.

Alikwenda chumbani, akasoma ya kwake kwa kidole juu ya skrini, akarudi varandani. Haikufanana kweli. Siku zote hizo alikuwa akibisha hodi nyumbani kwake mwenyewe, kwenye mlango usiokuwapo. Alielewa kwamba mashine zile hazikuwa kwenye uwanja mmoja, lakini hakuelewa kwa nini, wakati kisanduku kilikuwa kimoja na waya ulikuwa mmoja. Alimpigia Willis huko Kanada, ambako kulikuwa asubuhi, na kwa kuwa sikio lake la kulia halikuwa zima aliweka simu kwenye sauti ya juu.

"Mzee," Willis alisema, akitafuna kitu. "Bado unahangaika na hiyo kitu? Si nilikuambia uiweke kwa Drive."

"Kuipandisha huko kwa intaneti hii kungefika Krismasi. Nisikilize. Namba ya tatu ya laptopu ni tofauti na yangu. Kisanduku kimoja kinawezaje kugawa uwanja mara mbili?"

Willis aliacha kutafuna. "Mzee, wewe uko kwa network gani?"

"Ile niliyopewa. Wageni."

"Aa, basi. Hiyo ni ya watu wa kupita. Inakupatia intaneti lakini haikuonyeshi vitu za ndani ya nyumba. Mgeni si anakaa tu kwa sitting room? Nani alikuweka huko?"

Nehemiah aligeuza kichwa. Aliangalia upande wa kamba ya nguo.

"Ingia tu kwa Boma," Willis akaendelea. "Zitaonana saa hiyo hiyo."

"Sina neno lake la siri."

Willis akacheka, kicheko cha mtu aliye mbali na moto. "Mzee, paswadi ni jina lako. Lihanda, mara mbili, bila nafasi. Niliambia fundi wa kampuni kwa simu aweke kitu siwezi sahau."

Mitchel alikuwa ameshika shati la Willis mikononi. Alilileta mpaka usoni, akalishikilia hapo. Nehemiah alimaliza simu. Kuku walikuwa wakitafuta pa kujikinga.

"Mama Shantel," alisema, "ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua, Baba."

"Mbona hukunipa?"

Mitchel alijibu akiliambia lile shati. "Mama wa hapa alinifundisha nikiolewa. Alisema jina la baba halitoki kwa mdomo wangu, hata nikiwa nimegongwa na gari. Sasa ningesema aje? Ukiniuliza paswadi nikuite?"

"Ungeandika kwa karatasi."

"Nikikuandikia nikupatie mkononi, si ni kama nimekuita?" Akalikunja shati. "Nikaona hii ya Wageni inafanya. Intaneti ilikuwa inaingia. Sikujua iko na tofauti."

Nehemiah alikaa juu ya kigoda bila kukumbuka kuiondoa laptopu, akainuka tena, akaichukua mapajani. Alitaka kukasirika, akatafuta wa kumkasirikia. Willis alilifanya jina la baba yake ufunguo wa mlango, kama mtu anavyofanya kwa jina la mbwa. Lakini Willis alifanya hivyo ili asilisahau. Pascalia alimfundisha msichana vizuri, akafa. Msichana aliifuata sheria ambayo wake wa wajomba zake waliifuata, sheria ambayo Nehemiah aliililia kila asubuhi mbele ya Chrispinus kwamba imekufa. Ilikuwa hai muda wote huo ng'ambo ya ua, inamfanya yeye mgeni.

"Sikukasirika," alisema, na ilikuwa uongo.

"Asante, Baba," alisema Mitchel, naye akijua.

Nehemiah aliirudisha laptopu juu ya kigoda, akaingia chumbani, akachagua Boma, akaandika jina lake mara mbili kwa kidole kimoja. Mashine ikafikiri, ikakubali. Akabisha hodi. Majibu yakaja mfululizo, mstari chini ya mstari, kama watu waliokuwa nyuma ya mlango wakisubiri tu kuulizwa. Huko varandani Mitchel akaita kwamba kompyuta ya Baba imeonekana, iko na picha ndogo ya skrini, na inauliza neno la siri. Hilo la Samba lilikuwa jina la mtume tu, na Nehemiah akampazia bila taabu. Faili likaanza kuvuka.

Lilivuka polepole. Ile kadi ndogo ya Wi-Fi haikuwa na nguvu, na diski ilikuwa ikisoma kwa kwikwi. Mstari wa kijani kwenye laptopu ulisogea kama kobe, ukasimama, ukasogea. Mvua ikaja. Kwanza upepo uliogeuza majani ya migomba, kisha matone makubwa ya mmoja mmoja, kisha ngurumo kutoka msituni.

Kakamega hakuna anayengoja ngurumo ya pili. Vioo hufunikwa, redio huchomolewa, mtu hata kisu hakishiki. Nehemiah mwenyewe alikuwa amewafokea watu wengi katika maisha yake kwa kuacha televisheni ikiwaka mvua ikinyesha.

"Baba, uchomoe," Mitchel aliita kutoka kwake, ambako alikuwa amekimbia na laptopu, ambayo ilikuwa ikitumia betri. Ile betri haikuogopa kitu. Kompyuta ya mzee haikuwa na betri, na kile kisanduku cha mtandao nacho kilikuwa kwenye stima.

"Imefika wapi?"

"Imepita nusu."

"Nikichomoa itaanza upya?"

"Itaanza upya."

"Basi iache."

Alikaa kitandani, upande uliokuwa wa Pascalia, miguu juu ili isiguse sakafu, akiisikiliza diski. Ta, ta. Radi ikapiga mahali karibu, taa ikapepesa, ikarudi. Hakujua kama anaiokoa video au anaiua. Alijua tu kwamba akiichomoa leo, kesho saa za asubuhi hakutakuwa na laptopu. Radi ikapiga tena, mbali kidogo. Halafu sauti ya Mitchel ikaja kupitia mvua, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alipaza sauti ya furaha bila kujizuia mbele ya baba mkwe.

"Imefika, Baba. Yote."

Yaliyofuata si marefu. Jumamosi Chrispinus aliwapeleka uwanja wa ndege Kisumu kwa Probox yake, akiendesha kwa majivuno ya mtu wa boila. Wiki haijaisha, Nehemiah aliwasha kompyuta asubuhi moja, diski ikalia ta, ta, ta, ikalia tena, kisha haikulia. Huenda ni ile mvua ya Ijumaa. Huenda ilikuwa safarini kufa hata bila mvua. Fundi aliyeifungua hakuweza kumwambia, na Nehemiah alimlipa kwa kutojua kwake. Alimweleza Willis, na Willis akasema asijali, video iko salama, atairudisha kwa Drive wakipata nafasi. Nafasi huko Kanada ni kitu adimu, inaonekana. Mara moja Mitchel alituma maandishi ya bluu ya kubonyeza. Nehemiah akabonyeza kwa simu yake, na kiduara kikazunguka, kikazunguka, mpaka bando likaisha. Mitchel akauliza, "Imefunguka, Baba?" Akamjibu kwamba imefunguka, maana asingeweza kumweleza yote hayo kwa simu.

Aliwaona mara ya mwisho asubuhi ile ya Jumamosi varandani, Chrispinus akiwa ameshawasha gari na masanduku yamefungwa kwa kamba juu. Nehemiah aliomba video ifunguliwe kidogo, ahakikishe. Mitchel akaiweka laptopu juu ya kigoda, akaifungua, akakaa kwenye ngazi ya mlango, bega lake likiwa upande wa baba mkwe na uso wake ukiwa uani, kama alivyofundishwa, ili waone pamoja bila kukaa pamoja. Ngoma zikaanza. Vumbi likapanda, mafahali wakapita, wajomba zake wakapita wamevaa majani, kisha wanawake, na mbele yao Pascalia, mkono juu, akiimba.

"Huyo ni nani?" Shantel aliuliza. Alikuwa amevaa koti la baridi tayari, la rangi ya machungwa, limemfika magotini.

"Ni kukhu wako, mama ya baba yako," Nehemiah alisema.

"Anaenda wapi?"

Nehemiah alifungua mdomo kumweleza, kuanzia kwa mzee aliyezikwa na baba yake na baba wa baba yake. Chrispinus akapiga honi. Mitchel akageuka nusu, akasema, "Baba, tutachelewa," akangoja aitikie kwa kichwa, ndipo akaifunga laptopu taratibu, na wimbo ukakatika Pascalia akiwa bado ameinua mkono. Akaiingiza ndani ya begi. Akamshika mtoto, akapiga goti kidogo mbele ya mzee kwa mbali, wakapanda gari. Shantel aligeuka kwenye kiti cha nyuma akatazama kupitia kioo, si kwa babu yake bali kwa kuku, mpaka gari likapinda kwenye lami.